Maneno Arobaini na Moja, Kuanzia Sikioni

Bwana Haskell Pruitt alisema jambo lake mwezi wa Machi, amesimama mlangoni mwa banda namba tisa, mikono mfukoni, bila kumtazama mtu. Novemba angepeleka farasi kumi na wawili Louisiana wakakimbie huko majira ya baridi. Yeye mwenyewe asingekwenda. Magoti yalikuwa yamemkataa. Alihitaji mkufunzi msaidizi mwenye leseni wa kufuatana nao. Akataja mwanamume mmoja wa Ohio, akasema yuko tayari na atakuja na watunzaji wake mwenyewe. Kisha akamgeukia Obdulia Zamarripa, aliyekuwa amechuchumaa akifunga bendeji kwenye mguu wa farasi jike, akaongeza sentensi moja. Msichana anayepanda farasi wa mazoezi ndiye aliyeitafsiri.

"Anasema ukipata leseni kabla ya Novemba, huyo wa Ohio hatamhitaji."

Obdulia alimaliza bendeji kwanza. Hakuwa mtu wa kuacha mguu nusu.

Kati ya farasi wale kumi na wawili, wanne walikuwa wake. Hakuwamiliki kwa hati; aliwamiliki kwa kila kitu kingine. Aliwalisha, aliwakanda miguu, aliwatembeza mpaka jasho likauke, alijua yupi hunywa maji akiwa amegeuziwa mgongo na yupi hali chochote siku ya radi. Kwenye kitabu cha mbio walikuwa na majina marefu ya Kiingereza yaliyochaguliwa na matajiri. Bandani waliitwa majina ambayo watunzaji wenyewe waliwapa: Chata, jike mwenye pua fupi, Tlacuache, dume la kijivu linalouma, Viuda, mweusi asiyecheka, na Merengue, ambaye hakuweza kusimama tuli hata akilala. Kama leseni isingepatikana, wote wanne wangepanda lori na watu wasiowajua, na Obdulia angepewa wengine wanne aanze upya, kama mama anayebadilishiwa watoto.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia hapo hapo, kwenye mabanda ya uwanja wa mbio wa Cedar Fork, Kentucky, akilala katika chumba kimoja juu ya ghala la majani. Miaka yote hiyo aliishi bila Kiingereza, na hakuona ajabu. Kati ya watu kumi na mmoja wa banda namba tisa, tisa walizungumza Kihispania. Misa ilikuwa kwa Kihispania. Duka la barabarani liliuza unga wa mahindi, pilipili kavu na mishumaa ya watakatifu, na mwenye duka alikuwa mtu wa Zacatecas, Mexico, kama yeye. Kiingereza kilikuwa lugha ya watu watatu tu: Bwana Pruitt, daktari wa mifugo, na fundi wa kupiga farasi viatu. Na hao watatu wakati wa kazi hawakuwa na mazungumzo na watunzaji.

Bandani penyewe palikuwa na lugha ya tatu, iliyozaliwa hapo: maneno ambayo Mmarekani akiyasikia huyadhani ya Kihispania, na Mmexico aliyefika jana huyadhani ya Kiingereza. Kwa lugha hiyo waliendesha kazi tangu saa kumi na nusu alfajiri. Lakini nje ya banda haikununua hata chumvi.

Aliyekuwa wa kwanza kumcheka ni Nicanor Bañuelos, mtunzaji wa miaka hamsini na minane, mwenye vizimba vya upande wa pili. Obdulia alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake, kwa hiyo waliitana komadre na kompadre, na kwa haki hiyo walitukanana bila kuombana radhi.

"Komadre, wewe na Kiingereza?" alisema, ameegemea uma wa kuzolea majani. "Miaka kumi na sita mmepishana njiani kama wagomvi."

"Sasa tutasalimiana."

"Mimi ninayo maneno thelathini. Ishirini ya kazi, kumi ya matusi. Sijawahi kupungukiwa."

"Ndiyo maana mpaka leo unazoa mavi, kompadre."

"Na wewe unazoa nini, marashi?"

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kuandika ilitolewa hata kwa Kihispania, na Obdulia aliipita mwezi wa Aprili bila jasho: sheria, dawa zilizokatazwa, uzito wa wapandaji. Ya pili ilifanyiwa bandani, mbele ya farasi, kwa mdomo, na kwa Kiingereza peke yake. Sababu yake hakuna aliyeipinga. Siku ya mbio, wasimamizi, daktari wa zamu na mtu wa geti la kuanzia wote husema Kiingereza, na farasi akianguka hakuna anayekwenda kumtafuta mkalimani.

Alijaribu kwanza darasa la Jumatano, kwenye kanisa dogo la uwanjani. Mwalimu alikuwa mama mpole mstaafu. Wiki ya kwanza alifundisha uwanja wa ndege. Wiki ya pili alifundisha mkahawa: naomba samaki, naomba limau, naomba hesabu yangu. Wiki ya tatu Obdulia hakurudi.

"Farasi wangu hawali samaki," alimwambia Nicanor. "Na hawapandi ndege."

Maneno yake aliyapata mlangoni mwa chumba cha chakula cha farasi. Hapo palibandikwa bango la kampuni fulani ya vyakula vya mifugo: picha ya farasi aliyesimama ubavu, mishale midogo ikitoka mwilini mwake, na mwisho wa kila mshale neno. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameliona kama mapambo. Sasa alilisoma. Akahesabu mishale arobaini na mmoja. Fundi wa viatu, mtu mkimya kutoka Tennessee, alimtamkia maneno yote mara mbili akiwa ameshika kwato kati ya magoti, misumari ameibana midomoni, na Obdulia akayaandika jinsi sikio lake lilivyoyapokea, kwa herufi za Kihispania.

Namna ya kuyakariri ilimjia yenyewe, kwa sababu ilikuwa tayari imo mikononi. Baba yake alikuwa mshona matandiko katika kijiji karibu na Jerez, na kabla hajamruhusu kugusa farasi alikuwa amemwambia: "Farasi ni kama nyumba, binti. Mlango wake uko kushoto." Tangu hapo Obdulia hakuwahi kumkaribia farasi kwa upande mwingine. Na alipompiga brashi alianza ncha ya sikio la kushoto, akashuka kwenye paji la uso, akapita shavuni, akaingia shingoni, akateremka bega hadi kwato ya mbele. Ndipo akarudi mgongoni kuelekea nyuma, mpaka mkia. Mkono haukuruka mahali. Kwa farasi wanne, kila asubuhi, kwa miaka kumi na sita, ni zaidi ya mara elfu ishirini, njia ile ile.

Basi kila brashi ilipotua, alitia neno. Sikio, neno. Paji, neno. Shavu, neno. Mwezi wa Mei ulipofika katikati, maneno yote arobaini na moja yalikuwa yanatoka kwa sauti ya chini, mfululizo, kama maji ya bomba. Tlacuache, ambaye hakumsimamia mtu bila kumng'ata, alianza kusimama kimya akiyasikiliza. Obdulia aliona hiyo ni dalili njema. Usiku alilala amejaa matumaini.

Alifanya mtihani wiki ya pili ya Juni.

Msimamizi aliyekuja aliitwa Bi Lorna Tackett, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kuwa mkufunzi mwenyewe. Alibeba fimbo nyembamba na karatasi ya maswali thelathini. Chata alitolewa nje, akasimama kwenye kivuli cha banda, anang'aa kama shaba. Obdulia alijiweka kushoto kwake, karibu na sikio, akavuta pumzi.

Bi Tackett alizunguka akaenda upande wa kulia, nyuma, akainama, akagusa kiungo cha mguu kwa ncha ya fimbo.

"Hii?"

Obdulia alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Neno alilijua. Lilikuwa la thelathini na tatu. Lakini ili kulifikia ilimbidi aanzie sikioni, apite paji, shavu, koo, shingo, ashuke bega, apande tena mgongo. Midomo yake ilianza kwenda bila sauti. Alikuwa amefika mbavuni wakati Bi Tackett alipoandika kitu kwenye karatasi na kugusa mahali pengine.

"Na hii?"

Akaanza tena sikioni.

Iliendelea hivyo kwa robo saa. Mahali palipokuwa karibu na mwanzo wa njia alipata: taya, tundu la pua, koo. Mbali zaidi, fimbo ilimwacha. Alipata kumi na moja kati ya thelathini. Kwa mbali, Nicanor na wenzake walikuwa wamejifanya kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Bi Tackett hakuwa mkatili. Alikunja karatasi, akasema polepole, na msichana wa mazoezi akatafsiri: "Anasema anaona kwamba unajua. Aliona midomo yako. Lakini farasi akivunjika mbele ya watu elfu kumi, hawezi kukungoja uanzie sikioni. Anasema unaweza kurudi Oktoba."

Obdulia alishukuru. Alimrudisha Chata kizimbani, akamwekea maji, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala mapajani. Aibu haikumtoa machozi. Alikuwa anafikiri, jambo ambalo wenzake walilichelea zaidi.

Nicanor alimwendea na gordita mbili, mikate minene ya mahindi yenye maharage ndani, zilizofungwa kwenye karatasi.

"Kula."

"Sina njaa."

"Kula, nikutukane ukiwa umeshiba. Komadre, wewe umekariri rozari. Mtu akikukatiza kwenye fumbo la nne, unarudi kwenye ishara ya msalaba."

Alimtazama. Akatafuna. Akameza.

"Ndivyo hasa," alisema.

"Najua ndivyo. Mama yangu alikuwa hivyo. Mbwa akibweka, tunaanza upya, usiku kucha hatuli."

"Basi wewe utakuwa huyo mbwa."

"Nani?"

"Wewe. Utanibwekea. Popote, saa yoyote. Gusa mahali, niseme. Usifuate njia."

"Mimi Kiingereza sijui. Nitajuaje kama umepata?"

"Hutajua. Mimi nitajua."

Nicanor aliichukua kazi hiyo kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye kazi ya mshahara. Obdulia akipita na ndoo mbili, mpini wa uma ulichomoza kizimbani na kugonga goti la farasi: "Hii?" Akiwa amebeba bunda la majani kichwani: "Hii?" Akiwa kwenye foleni ya kahawa, Nicanor, kwa kukosa farasi, aligusa kiwiko chake mwenyewe, na Obdulia ilimbidi afikiri ni wapi kwa farasi pangelingana na hapo. Wengine waliiga. Likawa tatizo la banda zima. Mwanamume mmoja wa Guatemala, mpya, aliamini kwa wiki tatu kwamba "hii" ni salamu ya Kimexico.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kuliko kutojua kabisa. Mkono wake ulipofika mahali, neno lilikataa kuja peke yake. Lilitaka kuja na ndugu zake wote waliolitangulia. Ilimbidi kuyang'oa moja moja. Akaanza kuwapiga farasi brashi kinyume, kutoka mkiani, kutoka kulia, jambo ambalo lingemfanya marehemu baba yake ageuke kaburini. Tlacuache alimng'ata begani siku ya kwanza. Siku ya tano alizoea.

Kufikia Julai, Nicanor alishikwa na wazimu wa ushindani.

"Goti la nyuma! Juu ya goti! Hapo hapo! Unafikiri! Nimekuona unafikiri!"

"Sifikirii, napumua."

"Ulikunja kipaji cha uso. Ukijua hukunji. Umekosa."

"Sikukosa!"

"Basi sema tena, bila kipaji."

Wakati huo ndipo Obdulia alipogundua shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Kila asubuhi saa moja, daktari wa mifugo alipita bandani. Alikuwa kijana aitwaye Daktari Whitlow, mwenye tabia ya kusema peke yake anapopapasa miguu. Asubuhi moja mguu wa mbele wa Merengue ulikuwa na joto. Obdulia alisema jina la mahali, wazi, bila kipaji. Daktari alishangaa, akafurahi, akamuuliza maswali matatu kwa mkupuo. Obdulia hakuelewa hata moja. Akarudia jina la mahali. Daktari akangoja kidogo, akatabasamu kwa adabu, akamwita msichana wa mazoezi.

Maswali yalikuwa mepesi kabisa: tangu lini? Joto lipo muda wote au asubuhi tu? Linazidi au linapungua?

Majibu yote alikuwa nayo. Joto lilikuja juzi. Lipo akiamka, linaisha baada ya hatua mia. Leo ni kidogo kuliko jana. Hakuna aliyeyajua hayo duniani ila yeye. Ila bango la mlangoni halikuwa na mshale unaoelekea juzi.

"Nilinunua misumari nikasahau mbao," alimwambia Nicanor mchana ule.

"Au ulinunua farasi ukasahau barabara," alisema Nicanor, ambaye hakupenda mfano wa mtu mwingine ubaki peke yake.

Maneno haya mapya hayakuwa na mwili wa kugusa. Huwezi kulipiga brashi "tangu". Obdulia aliyawinda mahali yalipokuwa yakiishi, yaani mdomoni mwa Daktari Whitlow. Alikuwa ndiye anayemshikia farasi kamba, na kwa dakika tano kila asubuhi alisimama karibu naye kuliko mkewe. Daktari alisema peke yake. Obdulia alisikiliza kwa niaba ya wawili. Alimchunguza: neno gani hutoka anapobonyeza na farasi asishtuke? Neno gani anaporudi siku ya pili na kukuta nafuu? Aliandika kwenye vipande vya ile plasta nyeupe wanayoandikia majina ya farasi kwenye bendeji, akavibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa. Na kwa kuwa hayakuwa na mahali, aliyapa mahali: kila neno alilifunga kwenye jambo moja lililomtokea farasi mmoja. "Tangu" alilipa kikohozi cha Chata kilichoanza Jumapili ya mvua. "Bado" alilipa jeraha la Viuda lililokawia kufunga. "Kidogo zaidi" alilipa shayiri ya Tlacuache, kwa sababu hakushiba. Hivyo alipohitaji neno hakukumbuka neno. Alikumbuka farasi, na neno likaja limempanda mgongoni.

Agosti alianza kumjibu daktari. Mara ya kwanza alisema maneno manne. Daktari Whitlow aliacha kupapasa, akamtazama, akamjibu yeye, si msichana wa mazoezi. Wiki iliyofuata maneno yalikuwa tisa. Sarufi yake ilikuwa kama mkokoteni wa magurudumu matatu, lakini ulibeba. Mwisho wa Septemba msichana wa mazoezi alimlalamikia kwa utani kwamba amemnyang'anya kazi.

Bwana Pruitt alilipita sanduku hilo kila asubuhi, mikono mfukoni. Ila kifuniko cha sanduku kilipojaa, Obdulia alikuta juu ya sanduku gombo jipya la plasta na kalamu mpya ya wino mzito. Hakuuliza nani.

Mtihani wa pili ulifanyika Oktoba, asubuhi ya baridi, pumzi za farasi zikionekana. Bi Tackett alikuja na fimbo ile ile. Safari hii Obdulia alimtoa Tlacuache. Nicanor alimwambia amerukwa na akili.

"Huyo atamng'ata msimamizi."

"Basi msimamizi asikawie."

Bi Tackett alianza nyuma, kushoto, chini kabisa. Obdulia alijibu kabla fimbo haijatulia. Bi Tackett akapanda juu, akavuka upande wa pili, akarudi kichwani, akaruka mpaka mkiani, akauliza kuhusu hatamu, akarudi mgongoni kwa ghafla. Obdulia alijibu. Hakuwa akifikiri, alikuwa akipumua. Wenzake hawakujifanya kufagia safari hii. Walisimama wazi, mafagio mkononi, kama askari wa gwaride.

Swali la ishirini na nne lilimkamata. Fimbo iligusa nyuma ya kifundo, mahali penye vijifupa viwili vilivyojificha. Jina lake ni refu na la kitaalamu, na halikuja. Alimsikia Nicanor nyuma yake akivuta pumzi. Obdulia hakurudi sikioni. Alisema, kwa Kiingereza chake:

"Jina limenikimbia. Mifupa miwili. Midogo kama harage. Farasi akikimbia sana, amechoka, kifundo kinashuka chini, mifupa hii inavunjika. Huioni kwa macho. Unaisikia kwa kidole, hapa, na farasi anainua mguu. Simtembezi. Namwita daktari papo hapo."

Bi Tackett alishusha fimbo. Akaandika. Obdulia hakuweza kuona ameandika nini.

Matano yaliyofuata Obdulia aliyajibu mara moja, kisha Bi Tackett alikunja karatasi ya maswali, akaitia mfukoni.

"La mwisho. Umefika bandani alfajiri, umekuta farasi hajamaliza chakula cha jana. Daktari ndiye huyu amesimama mbele yako. Mwambie."

Msichana wa mazoezi alipiga hatua kana kwamba anataka kutafsiri, na Obdulia akamzuia kwa kiganja.

"Farasi yupi?" aliuliza.

"Yeyote. Ni mfano tu."

"Samahani, mama. Hakuna farasi yeyote." Alikuwa anasema polepole, akiweka kila neno chini kama mtu anayepanga vyombo. "Huyu akiacha chakula, amekasirika, kesho atakula. Yule mweusi akiacha chakula, ni meno. Chata akiacha chakula, ni tumbo, na nimechelewa tayari. Niambie yupi, nimwambie daktari."

Kwa mara ya kwanza tangu Juni, uso wa Bi Tackett ulibadilika.

"Chata," alisema.

Basi Obdulia alimwambia. Alisema Chata ameacha nusu tangu jana jioni, si yote. Alisema maji amekunywa, lakini kidogo. Alisema kinyesi cha usiku kilikuwa kikavu, mafungu mawili badala ya matano. Hajalala chini bado, ila anageuza kichwa kutazama ubavu wake wa kulia, mara tatu katika muda ambao amekuwa akimwangalia. Ufizi bado una rangi nzuri. Ameondoa chakula chote na hajampa dawa yoyote, kwa sababu keshokutwa ana mbio na dawa ni juu ya daktari kuamua. Anataka aje sasa. Asingoje saa moja yake ya kila siku.

Ilichukua kama dakika mbili. Alipomaliza alikuwa ametoka jasho, katika baridi ile.

Bi Tackett alitoa tena karatasi, akaandika mistari miwili, akatia sahihi chini. Alisema alama ni ishirini na tisa kati ya thelathini, na kwamba ile moja ya vijifupa amemnyima kwa sababu sheria inataka jina. Akaongeza kwamba wakufunzi wawili aliowapa leseni mwaka ule walilijua jina na hawakujua mengine.

Nicanor alisubiri mpaka gari la msimamizi lipinde kona. Ndipo aliporusha kofia yake juu, ikatua mgongoni mwa Tlacuache, na Tlacuache akamng'ata mkono.

"Ishirini na tisa!" alipiga kelele, akijishika mkono. "Ile moja umeipoteza vipi, komadre? Sesamoidi! Sesamoidi! Nimekugongea hapo mara mia!"

Banda zima lilimgeukia. Nicanor mwenyewe alionekana kushtuka.

"Kompadre," alisema Obdulia, "hilo ni neno la thelathini na moja. Chunga usije ukapungukiwa na nafasi."

Jioni hiyo walikula birria, mchuzi mzito wa mbuzi wenye pilipili, nje ya banda, iliyopikwa na mke wa yule mtu wa duka, na Bwana Pruitt alikuja akala sahani mbili amesimama. Alimpa Obdulia mkono. Hakusema lolote kuhusu mtu wa Ohio, na hakuna aliyemuuliza.

Leseni ilifika baada ya siku kumi: kadi ngumu yenye picha yake, jina lake lote mpaka la upande wa mama, na chini yake cheo. Aliitia mfuko wa shati, akaendelea na kazi, kwa sababu miguu kumi na sita ilikuwa inangoja bendeji.

Lori la farasi lilikuja Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kukicha. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu na ubao wa karatasi mkononi. Alipita mbele ya Obdulia mara mbili akimtafuta mwenye dhamana. Mara ya tatu alimuuliza Nicanor, na Nicanor akaonyesha kwa kidevu.

"Wewe ndiye unayewasemea hawa?" dereva aliuliza.

"Mimi." Alimwonyesha kadi. "Wote kumi na wawili."

Dereva alianza maswali yake ya kawaida: nani apande kwanza, nani asiwe karibu na nani, yupo anayeogopa giza? Obdulia alijibu. Wa kijivu apande mwisho, akae peke yake. Mweusi asitazamane na ukuta. Yule wa pua fupi afungwe kamba ndefu, na apewe majani njiani, shayiri hapana. Dereva aliandika haraka, akafika mwisho wa ukurasa, akafunga kalamu, akageuka kwenda kufungua mlango wa lori.

"Bwana, ngoja," alisema Obdulia. "Sasa mimi nina maswali. Unasimama wapi kwa maji? Mara ngapi? Na madirisha ya upande wa upepo, unayafunga saa ngapi?"

Dereva alimtazama kutoka kofia mpaka buti. Kisha akafungua kalamu tena, akageuza ukurasa mpya.